Kiambatisho na Ukurasa wa Feni

Mume wa dada yangu anaitwa Kiambatisho. Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye kitambulisho, kitambulisho kipo kwenye faili, faili lipo kwenye kabati lenye kufuli, kwa hiyo hakuna anayelitumia. Hili la Kiambatisho alibandikwa kazini zamani, kwa sababu ukimuuliza jambo lolote, hata kama chooni kuna maji, hakupi jibu. Anakuambia, "Angalia kiambatisho." Nimeamua kumwandika kwa sababu hakuna binadamu aliyewahi kunipandisha hasira kama yeye, na kwa sababu habari za damu yangu zimo ndani ya jalada lake hadi leo.

Ni karani wa nyaraka katika kiwanda cha kuchakata betri chakavu, zile nzito za magari na za mitambo. Mimi ni mwendeshaji wa mashine ya kuponda katika kiwanda hicho hicho. Betri inaingia nzima upande mmoja, inatoka vipande upande wa pili: plastiki huku, asidi kule, na madini ya risasi yanakwenda kuyeyushwa upya. Kazi yangu hata mtoto utamweleza akaelewa. Ya shemeji inahitaji subira kidogo.

Mtambo mpya ukishafungwa hauwashwi hivi hivi tu. Kila pampu, kila bomba, kila swichi hujaribiwa peke yake, na kila jaribio lina fomu yake: maswali, majibu ya ndiyo au hapana, saini tatu na mhuri. Fomu zote zikishajazwa hukusanywa kwenye jalada moja nene, na jalada hilo ndilo linalomruhusu mkandarasi aliyefunga mtambo kuukabidhi kwa wenye kiwanda na kwenda zake. Bila jalada hakuna makabidhiano, hata mashine ikiwa inaimba. Mtu wa kuzitunga fomu hizo, kuzipanga na kuzilinda ndiye shemeji yangu.

Na alizilinda kweli. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja kando ya stoo, kina meza, makabati manne ya chuma na dirisha lisilofunguliwa. Kiwanda kizima kilikuwa kinatokota kwa joto, yeye amejifungia humo shati limemganda mgongoni, maana upepo, kwa maneno yake, ni adui wa karatasi. Feni ya mezani aliyoletewa na utawala aliirudisha na barua. Mfukoni alikuwa na kalamu tatu: nyeusi ya kuandikia, ya bluu ya kutia saini, na nyekundu ya kusahihisha watu. Ukutani, juu ya kiti chake, kulikuwa na kanuni aliyoitunga mwenyewe, kaichapa kwa herufi kubwa na kuiwekea fremu ya kioo: UKURASA ULIOSAINIWA HAUBADILISHWI.

Nyumbani hakuwa nafuu. Walikuwa na faili la paa, faili la maji, faili la jiko. Pasi ilikuwa na daftari lake. Ukitaka kuiazima unaandika saa ya kuichukua na hali ya waya wake. Dada yangu alivumilia hayo yote kwa kicheko, isipokuwa siku wakigombana. Shemeji alipomtongoza, miaka hiyo, alimwandikia barua nzuri ya kurasa mbili, na akabaki na nakala. Nakala anayo mpaka kesho. Dada akilalamika kwamba mume wake siku hizi hamjali, bwana anainuka kimya kimya, anakwenda kabatini, anarudi na nakala na kumwonyesha aya ya tatu, palipoandikwa kwamba atamjali daima.

"Sasa unaona?" anasema. "Limeshaandikwa."

"Limeandikwa, limefanyika?" dada anamuuliza.

Hapo shemeji hukunja uso kwa mshangao wa kweli kabisa. Kwake yeye hayo yalikuwa swali moja.

Mimi nilikuwa na sababu zangu za kutocheka sana. Kabla ya kiwanda hiki nilifanya kazi miaka saba kwenye uwanja wa mtu mmoja aliyekuwa ananunua betri mbovu. Tulikuwa tunazipasua kwa shoka, mikono mitupu, na kuyeyusha risasi kwenye sufuria. Wenzangu wananiita Mama Shoka kwa sababu hiyo. Moshi ule na vumbi lile viliingia mwilini vikakaa. Siku nilipopimwa damu, daktari alinionyesha kipimo cha risasi, namba thelathini na nane, akaniambia kwa upole mbaya sana kwamba ikifika arobaini nisahau kazi yoyote ya risasi, na vidole vyangu vilivyokuwa vimeanza kutetemeka huenda visirudi kuwa vyangu. Nilikaa mwaka mzima na nusu bila kugusa betri mpaka namba ikashuka kwenye thelathini na moja. Kiwanda hiki kilinichukua kwa sababu naijua betri ndani nje, nami nilikikubali kwa sababu ya kitu kimoja tu: juu ya mashine ya kuponda kulikuwa na kofia kubwa ya bati, na juu ya kofia kulikuwa na feni ya kuvuta hewa. Vumbi likitoka kwenye meno ya mashine, feni inalivuta juu, linapita bombani mpaka kwenye kichujio, mimi nabaki na pumzi yangu. Ndivyo nilivyoelezwa. Kwa hiyo wengine walipokuwa wanaipenda mashine kwa ukubwa wake, mimi nilikuwa naipenda feni.

Wiki tatu kabla ya makabidhiano, shemeji alikuja mezani kwa chakula cha mchana akiwa amejaa furaha. Nilikuwa nimealikwa. Alinawa mikono, akakaa, akatutazama mmoja mmoja kama mtu anayetaka kutangaza kwamba amepata mtoto.

"Jalada limekaa sawasawa," alisema. "Kurasa mia mbili na kumi na mbili. Kila jaribio ukurasa mmoja. Hakuna hata jaribio moja linalovuka kwenda ukurasa wa pili."

"Hongera, baba," dada alimwambia, akampakulia.

"Mnajua kazi yake? Kuna moja ilikuwa inanivukia kwa mstari mmoja. Mstari mmoja! Ukurasa mzima mweupe, juu kuna mstari mmoja umening'inia peke yake. Inaudhi."

"Ukafanyaje?" nikamuuliza, kwa adabu tu, maana mdomo ulikuwa umejaa.

"Nikaupunguza," alisema, akaanza kula.

Sikuuliza zaidi. Nikikumbuka jinsi nilivyotafuna kwa raha siku ile, najichukia kidogo.

Majaribio yalianza. Feni yangu ilikuwa ukurasa wa arobaini na saba. Jaribio lake lilifanyika asubuhi, ndani ya chumba cha kuongozea mitambo, penye viti vya kuzunguka na birika la chai. Walikuwepo fundi umeme wa mkandarasi, kijana wa watu mwenye mikono mepesi na ulimi mwepesi zaidi. Meneja wa kiwanda. Na shemeji na mhuri wake. Fundi alibonyeza swichi. Taa ya kijani ikawaka. Shemeji akasoma maswali kwa sauti. Je, feni imepata umeme? Ndiyo. Je, feni inazunguka? Ndiyo, taa si hiyo inawaka. Je, kuna mlio usio wa kawaida? Fundi akatega sikio kuelekea ukutani, akasema hasikii kitu, jambo ambalo halishangazi, kwani feni yenyewe ilikuwa mita sitini kutoka pale. Maswali kumi na manne, ndiyo na hapana zote mahali pake, saini tatu, mhuri pwaa. Chai ilikuwa haijapoa.

Siku zilizofuata sisi wa kwenye ukumbi tukagundua neema. Ukumbi wa mashine ni bati tupu, na saa sita mchana joto lake linataka kukutoa roho. Lakini ukisimama chini ya ile kofia ya bati, feni ikiwa imewashwa, unapata kaupepo kanakushuka usoni mpaka kifuani. Watu wakahamia hapo. Wakati wa mapumziko ungewakuta kumi, kumi na wawili, wamejipanga chini ya kofia wamefumba macho. Waliiita kiyoyozi. Meneja mwenyewe alipita siku moja, akasimama, akalegeza tai, akasema kwamba mkandarasi huyu anajali wafanyakazi. Wote tukaitikia kwamba ni kweli. Nami nilikuwemo. Nilisimama pale siku mbili nzima napepewa, mimi Mama Shoka mwenye miaka saba ya risasi, nafurahia upepo.

Siku ya tatu, Jumanne, nilikuwa nafunga kilemba vizuri chini ya kofia, ncha ya kitambaa ikawa inapepea kuelekea chini. Nikaitazama. Ikanijia polepole, kama mtu anayekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Kofia ile ilitakiwa kuvuta. Kitambaa changu kilitakiwa kipande juu.

Nilichukua karatasi kutoka kwenye ubao wa matangazo, nikapanda ngazi, nikaiweka kwenye wavu wa kofia. Feni inayovuta ingeishika karatasi ile pale pale. Karatasi iliruka, ikapita juu ya vichwa vya wenzangu na kutua karibu na mlango. Wakacheka, wakadhani nacheza. Feni ilikuwa inazunguka kinyume. Siku betri za kwanza zitakapopondwa, vumbi la risasi lisingekwenda kwenye kichujio. Lingesukumwa lote chini, limwagike usoni kwa mtu anayesimama mbele ya mashine, saa nane kwa siku. Mtu huyo nilikuwa mimi, na kati yangu na arobaini zilibaki namba tisa.

Nilimkuta fundi umeme anakula karanga nyuma ya gari lake. Nikamweleza. Hakubisha hata kidogo.

"Nyaya mbili zimebadilishana," alisema. "Hutokea. Unazigeuza tu, huku kule, huku kule. Dakika kumi."

"Basi njoo uzigeuze."

"Siwezi, mama. Paneli, lile sanduku la nyaya, imeshafungwa na kupigwa lakiri. Nikiikata lakiri, ukurasa wa arobaini na saba unakufa, na ukurasa uliosainiwa haubadilishwi. Mwulize yule shemeji yako na fremu yake."

"Yaani una bisibisi mfukoni, unajua kosa liko wapi, na unaniambia karatasi imekukataza?"

"Mimi keshokutwa naondoka," alisema, akanikaribisha karanga. "Alhamisi tunakabidhi, mgeni rasmi anakuja, kila mtu anapiga makofi. Baada ya hapo ni feni yenu."

Nilikwenda ofisini kwa shemeji na hasira zangu zote. Nikafungua mlango kwa nguvu kiasi kwamba karatasi tatu zikainuka mezani, naye akazirukia kwa viwiko.

"Shemeji, feni inazunguka kinyume."

Alivuta jalada, akafunua, akaweka kidole. "Swali la pili. Je, feni inazunguka? Ndiyo."

"Inazunguka kinyume!"

"Fomu haiulizi inazunguka kuelekea wapi."

"Nakuuliza mimi! Mimi nitakayesimama chini yake!"

"Shemeji," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu anayemhurumia mjinga, "kama lingekuwa jambo la maana, fomu ingeuliza."

Nilitamani kumpiga. Sitaki kupamba hapa. Nilitazama kichwa chake chenye mvi zilizochanwa sawasawa, nikatazama lile jalada zito, nikapima. Kisha nikatoka kabla mkono haujaamua.

Saa kumi jioni nilikuwa sebuleni kwa dada. Nilimweleza yote, na nilipofika kwenye namba thelathini na moja nikaanza kulia kama mtoto, na vidole, kwa ujeuri wao, vikachagua wakati huo huo kutetemeka. Dada alivishika. Ndivyo shemeji alivyotukuta aliporudi kutoka kazini na mkoba wake.

Dada yangu si mtu wa makelele. Hakumpigia kelele hata siku hiyo. Alimwambia tu, "Nenda kaniletee faili la feni."

"Faili la feni liko kazini. Nililonalo hapa ni la rasimu."

"Kaniletee hilo hilo la rasimu. Unionyeshe hiyo fomu isiyomjua mdogo wangu."

Nadhani alikwenda kwa furaha. Kuombwa faili na mke wake ilikuwa bahati ya nadra. Tulisikia ufunguo, kabati likalia, karatasi zikafunuliwa moja moja. Kisha hatukusikia kitu. Dada aliponyanyuka kwenda kuchungulia, nami nikamfuata.

Alikuwa amesimama mbele ya kabati na karatasi mbili zilizobanwa kwa pini. Ya kwanza ilikuwa na maswali kumi na manne. Ya pili ilikuwa nyeupe tupu, isipokuwa juu kabisa palikuwa na mstari mmoja, na mstari huo ulikuwa umekatwa kwa kalamu nyekundu, mkato mnyoofu uliopigwa kwa rula. Niliusoma kutoka begani kwake. Swali la kumi na tano: Je, hewa inaelekea upande uliokusudiwa?

"Lilikuwepo," alisema.

Mtu huyu alinikata mimi kwa rula ili karatasi yake ipendeze. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu, na sikuona sababu ya kulisema, kwani lilikuwa limeandikwa usoni kwake vizuri zaidi kuliko ningelisema. Alikaa chini kwenye kigoda, akaomba maji, akasahau kuyanywa. Dada alimvua viatu. Mimi sikumwonea huruma. Nilichukua mkoba wangu nikaondoka bila kuaga, na njiani nilikuwa nafikiria kazi gani nyingine mtu kama mimi anaweza kuifanya, nikakosa.

Kesho yake, Jumatano, meneja aliita kikao cha mwisho cha maandalizi. Kwa kawaida mwendeshaji wa mashine haitwi kwenye vikao. Shemeji ndiye aliyesema niwepo. Alikuwa amevaa suti ya harusi yake. Alisimama, akasoma kutoka kwenye karatasi, bila kuinua macho, kwamba yeye, karani wa nyaraka, aliondoa swali moja kwenye ukurasa wa arobaini na saba kwa sababu za mpangilio, na kwamba kwa sababu hiyo feni inayozunguka kinyume imepewa saini tatu. Akaomba ukurasa ufutwe, lakiri ikatwe na jaribio lirudiwe.

Meneja alimsikiliza hadi mwisho kwa tabasamu la mtu mwenye mgeni rasmi kesho.

"Mzee wangu, tumekusikia," alisema. "Ni jambo dogo. Kesho tunakabidhi, wiki ijayo tunarekebisha wenyewe taratibu."

"Wiki ijayo betri zitakuwa zimeshaanza kupondwa."

"Huyu mama atavaa barakoa mbili."

Watu wakacheka kidogo. Mimi sikucheka, na shemeji hakucheka.

"Lakini pia," meneja akaendelea, akigeuza kiti kuelekea ofisi ya jirani, ambako kupitia mlango uliokuwa wazi ile fremu ilionekana ikimetameta, "si wewe mwenyewe uliyetufundisha? Mwaka jana nilitaka kubadilisha tarehe moja tu, ukanikatalia mbele za watu. Isome kanuni yako. Isome kwa sauti."

Akaisoma. Naapa aliisoma, kwa sauti ile ile anayosomea fomu, neno kwa neno. Kisha akafungua jalada kwenye ukurasa wa arobaini na saba, akafungua vyuma vinavyobana kurasa, akautoa ukurasa na kuushika kwa mikono miwili. Mtu huyo hajawahi kuchana hata risiti ya duka. Nilimwona anajikaza, macho yamemtoka, halafu akauchana katikati, polepole, na hata hapo alijitahidi uchanike mstari mnyoofu.

"Una wazimu?" meneja aliuliza.

"Orodha inasema kurasa mia mbili na kumi na mbili," shemeji alisema. "Jalada lina mia mbili na kumi na moja. Halikabidhiki."

Meneja alitazama fundi, fundi akatazama dari. Kisha fundi umeme, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaacha utani wake, akatoa bisibisi mfukoni na kuuliza kama kuna mtu wa kumshikia tochi. Nilimshikia mimi. Alitumia dakika kumi na moja, na moja kati ya hizo aliipoteza akitafuta bisibisi aliyokuwa ameibana nyuma ya sikio lake.

Shemeji alikuja ukumbini. Miaka yote hiyo hakuwahi kuingia pale ndani kwa kuogopa mafuta kwenye karatasi. Alipanda ngazi na suti yake ya harusi, nusu ya ukurasa uliochanwa mkononi, akaisogeza kwenye wavu wa kofia. Feni ikainyakua, ikaigandisha kwenye wavu, pa! Wenzangu wakapiga makofi. Dakika mbili baadaye aliomba fimbo, kwa sababu ile nusu nayo ni kumbukumbu na lazima irudi ofisini.

Fomu mpya ilikuwa na maswali kumi na matano. Ilivuka. Ukurasa wa pili wake ulikuwa mweupe mtupu na mstari mmoja juu, umening'inia peke yake, na kwa sababu yake jalada likawa na kurasa mia mbili na kumi na tatu, orodha ikachapwa upya, na kila mwenye saini akaitwa kusaini tena. Mgeni rasmi alisubiri saa tatu Alhamisi ile, ameketi chini ya turubai anakunywa soda moja baada ya nyingine. Kwenye hotuba alimpongeza meneja kwa umakini wake usio na mfano. Meneja aliinama kupokea. Karani wa nyaraka hakutajwa. Alikuwa nyuma kabisa ameshikilia jalada lisipeperuke.

Usidhani wenzangu walinibeba mabegani. Jumatatu, mapumziko ya kwanza, walikwenda kusimama chini ya kofia kama kawaida yao, wakakuta hakuna upepo. Wakanigeukia mimi.

"Mama Shoka, umetunyima kiyoyozi," mmoja akasema, naye hakuwa anatania. Kuna wawili hawajanisamehe hadi leo.

Shemeji yeye alipata barua ya onyo kwa kuharibu nyaraka za kampuni. Aliisoma, akatoa kalamu nyekundu, akairudisha kwa meneja siku hiyo hiyo kwa sababu haikuwa na namba ya kumbukumbu. Meneja akalazimika kuiandika upya. Ikaja na namba, akaisaini kwamba ameipokea, akaihifadhi. Cheo cha mkuu wa nyaraka alichokisubiri miaka sita akapewa mpwa wa mtu. Dada aliniambia kwamba wiki nzima alikuwa anakwenda kusimama mbele ya kabati bila kulifungua. Ile fremu aliishusha ukutani. Hakuweka nyingine, na pale ilipokuwa pamebaki mraba wa rangi safi.

Mimi nilikuwa bado sijamsamehe vilevile. Nilikuwa namsalimu, "Shikamoo, shemeji," anaitikia, basi. Miezi mitatu ikapita hivyo. Mashine ikaponda betri asubuhi hadi jioni, nami nikasimama mbele yake, na juu yangu feni ikavuta.

Kisha nikaenda kupimwa damu. Daktari alinipa kikaratasi. Ishirini na sita. Nilikisoma pale pale hospitalini, nikakisoma njiani, na miguu yangu, sijui kwa nini, haikunipeleka kwangu. Ilinipeleka kwa dada. Shemeji alikuwa mezani anachonga penseli. Nikamwekea kikaratasi mbele yake.

Alivaa miwani. Alisoma juu hadi chini, akageuza nyuma, akarudi mbele. Nilimwona kidevu kinamcheza. Kisha akaniangalia.

"Haina saini ya daktari," alisema.

Nilimtukana. Nilimtukana mpaka dada akafunga dirisha majirani wasisikie. Nikakinyakua kikaratasi changu, nikarudi hospitali kwa miguu na jua lile, nikakaa foleni upya, nikamwambia daktari atie saini, na mhuri pia, kwani nilikuwa namfahamu mtu wangu. Nikarudi. Nikakitupa mezani.

Hapo ndipo alipokipokea kwa mikono miwili. Alikitoboa matundu mawili, akapima kwa rula kwanza ili yakae sawa. Jumatatu asubuhi nilipita ofisini kwake kuazima kalamu, uongo mtupu, nilitaka kuona kimewekwa wapi. Alikuwa hayupo. Dirisha lilikuwa wazi, karatasi zote zimewekewa mawe madogo juu yake. Nikafungua jalada mwenyewe.

Ulikuwepo ule ukurasa mweupe wenye mstari mmoja. Swali la kumi na tano: Je, hewa inaelekea upande uliokusudiwa? Mbele yake kulikuwa na jibu la siku ile, Ndiyo, na saini tatu. Chini ya saini, kwenye ukurasa ambao ulikuwa umesainiwa na kupigwa mhuri, mtu alikuwa ameongeza maneno mawili kwa mkono, kwa kalamu nyeusi: Angalia kiambatisho. Nikafunua, na nyuma yake ilikuwa damu yangu.